Kabla ya Kwenda Kuposa, Ulizeni Sehemu ya Ngapi

Kina mama wenye vijana wanaotaka kuoa, haya nayaandika nikiwa na akili zangu timamu. Shule niliishia la saba, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Tafuteni onyo. Mkitaka kumtuma mshenga kwenye nyumba ya watu mnaulizia mengi: ukoo, dini, kama baba mtu anakunywa sana, kama shangazi ana mdomo. Hayo yote endeleeni kuulizia. Ila siku hizi kuna jambo jingine, na mimi nisingelijua kama lisingenikuta sebuleni kwa watu nikiwa nimevaa kitenge kipya. Ulizeni kama nyumba ile inacheza gemu. Na kama inacheza, ulizeni inapenda sehemu ya kwanza au sehemu ya pili.

Nasema hivyo kwa sababu ndoa ya mwanangu Noel ilibaki kidogo tu ivunjwe na ndege ambaye hata nyama hana.

Nianze mahali panapoeleweka. Sisi tunakaa Rusimbi. Baba yake Noel alitangulia mbele za haki mtoto akiwa bado anavaa kaptula za shule. Noel anatengeneza simu na kompyuta mtaa wa Mwanga, karibu na soko. Mwaka ule meli ilipokuwa inawashusha wakimbizi wa Kirundi kutoka Kagunga mpakani, mpaka uwanja wa mpira ukawa ndiyo nyumba yao, Noel alibeba jenereta akaenda kukaa nje ya uwanja, akawa anawachajia watu simu ili watafute ndugu zao. Hapo ndipo alipomwona Brigita.

Brigita alikuwa mkalimani. Kutwa amesimama kati ya Mzungu na mama wa Kirundi, anachukua neno huku analiweka kule, Kirundi, Kiswahili, Kiingereza, mpaka sauti inakauka. Noel akampelekea maji ya kunywa. Yaliyofuata sikuambiwa, na sikuuliza, ila niliona mwanangu ameanza kupiga pasi mashati.

Baba yake Brigita anaitwa Mzee Leonardi. Ni mstaafu wa reli, mgane, mtu mrefu anayeongea taratibu kama anayehesabu mabehewa. Anakaa Mwanga na dada yake, Shangazi Christina. Wakati ule wa wakimbizi, vyumba mjini vilikuwa vinagombaniwa na watu wa mashirika, naye akampangisha mmoja wao chumba cha uani. Yule mpangaji alipohamishwa alimwachia mzee kompyuta yake ya zamani, na ndani ya ile kompyuta kulikuwa na gemu.

Jina la gemu ni la Kizungu. Mzee Leonardi aliliita Binti wa Taa, na jina hilo ndilo sote tunalolitumia. Si gemu la kupigana wala la mpira. Kuna binti ameshika taa, yuko kwenye mnara wa mawe katikati ya maji. Anataka kupanda juu. Kila ghorofa ina mlango, na kila mlango una fumbo lake: huku magurudumu, huku vioo, huku kengele, na ukutani maandishi ya Kiingereza. Hakuna anayekuambia kitu. Ukikosea, unakaa hapo hapo na mlango wako. Mzee Leonardi alikaa na mlango wa kengele tangu mvua za vuli mpaka masika. Brigita akitoka kazini anamsomea maandishi kwa Kiswahili, mzee anafikiri, chai inapoa, Shangazi anafoka. Siku mlango ulipofunguka, mzee alitoka nje akawatangazia majirani kama mtu aliyepata mjukuu.

Sasa Noel, kwa akili yake ya kijana, akasikia kwamba Binti wa Taa imetoka sehemu ya pili. Akaitafuta, akaiweka kwenye flashi, akampelekea mzee wiki ile ile tuliyopanga kwenda kuposa. Akaniambia, "Mama, nimeshamlainisha baba mkwe."

Nikamwambia, "Mwanangu, usimlainishe mtu kwa kitu usichojua ataking'ata vipi."

Akacheka. Kina mama, mkisikia kijana anacheka namna ile, kaeni macho.

Tukaenda Jumapili mchana. Kwa desturi mama mzazi haendi kuposa, lakini nikibaki nyumbani mimi hufikiria mambo mabaya tu, kwa hiyo nilijifanya nabeba kikapu. Mshenga wetu alikuwa kaka yangu Gervasi. Ana sauti nzuri na adabu nyingi, na kosa lake ni moja: hawezi kukataa kitu anachosema mwenye nyumba. Tulibeba jembe jipya lililofungwa kitambaa, dumu la pombe ya ndizi, na soda kwa ajili ya Shangazi ambaye ni mlokole.

Kwetu mambo haya yana mpangilio. Mnaingia, mnasalimiana Kiha kwa makofi ya taratibu, hamtaji shida yenu mpaka muulizwe. Kijana mwenyewe anakaa pembeni, anaangalia vidole vyake vya miguu. Haongei. Anayeongea ni mshenga. Mwisho binti anaitwa, anaulizwa mbele ya wote, "Unawajua wageni hawa?" Akisema nawajua, baba anaonja pombe na mambo yamekwisha. Akisema siwajui, mnabeba dumu lenu mnarudi mlikotoka, na njia nzima mnaulizwa na watu kwa nini dumu limejaa.

Tulisalimiana vizuri. Tukakaa vizuri. Mzee Leonardi akaulizia mvua, akaulizia dagaa, akaulizia kama kweli mabasi ya kwenda kambini yameanza tena kupita. Gervasi akajibu kila kitu kwa heshima. Moyo wangu ukatulia kidogo, nikaanza hata kuangalia mapazia.

Ndipo mzee akakohoa, akasema, "Kijana wenu aliniletea zawadi."

"Ndiyo Mzee," akasema Gervasi. "Kijana wetu ana moyo."

"Sehemu ya pili ya gemu langu."

"Ndiyo Mzee."

"Ni mbaya."

"Mbaya sana, Mzee," akasema Gervasi, ambaye tangu azaliwe hajagusa kompyuta.

Mzee Leonardi akamgeukia. "Kumbe na wewe unacheza?"

Nikamkanyaga Gervasi mguu. Alichelewa kuelewa. "Kidogo kidogo, Mzee. Nikipata nafasi."

"Basi wewe mwenzangu. Pale mlango wa kengele, sehemu ya kwanza, wewe ulipitaje?"

Gervasi akatazama dari. Dari halikumsaidia. "Nilibisha hodi," akasema.

Shangazi Christina, aliyekuwa mlangoni na trei ya vikombe, akageuka akarudi jikoni kwa samaki wake, migebuka, na tukamsikia huko akijifanya anapiga chafya.

Mzee Leonardi hakucheka. Akasema kwa upole, "Kumbe hiyo sikuijaribu." Kisha akarudi kwenye shauri lake. "Sehemu ya kwanza binti yuko peke yake. Anafikiri. Ya pili wamempa mtumbwi, wamempa visiwa, maji yanang'aa kama yamepakwa mafuta, sawa. Lakini wamempa na ndege. Ndege mweupe anakaa mbele ya mtumbwi, na binti kabla hajatazama kitu, ndege anamwonyesha kwa mdomo, sogeza jiwe lile, vuta kamba ile. Anamtafunia. Mimi meno ninayo."

Hapo mwanangu alitakiwa aangalie vidole vyake. Mungu ni shahidi, nilimtolea macho yote mawili. Akafungua mdomo.

"Mzee, samahani, lakini ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza."

Gervasi akafumba macho kama mtu aliyesikia chungu kinavunjika jikoni.

"Endelea," akasema Mzee Leonardi.

"Ya kwanza mafumbo yake ni magumu kwa sababu tu hayaelezwi. Ya pili mafumbo ni makubwa, Mzee. Unasogeza kisiwa kizima, kisiwa kinafunga mkondo, mkondo unageuza mtumbwi. Kila kitu kinashikana. Vijana wote pale ofisini kwangu wanasema hivyo. Na tena, ile ya kwanza ina upweke. Mtu peke yake kwenye mnara, usiku na mchana. Ya pili angalau ana mwenzake."

"Vijana wote wanasema hivyo."

"Karibu wote. Kuna mmoja anasema muziki unampa usingizi."

"Huyo ana akili," akasema Shangazi kutoka jikoni.

Gervasi akaona ni wakati wa kuokoa jahazi. "Mzee, kijana ni mtoto. Sehemu zote mbili ni nzuri na zote ni mbaya. Sisi tumekuja na neno letu..."

"Neno lenu nalijua," akasema mzee. "Na jembe naliona. Ila leo jibu sina. Mtu anayependa kuambiwa kabla hajatazama, sijui nimkabidhije mtu wangu. Bebeni vitu vyenu, tutaonana siku nyingine."

Kina mama, sikieni. Siku nyingine, kwa lugha ya kuposa, maana yake ni kamwe. Nilimwona mwanangu amekuwa mweupe midomo. Nikakumbuka mashati yote yale. Nikafikiria njia ya kutoka Mwanga mpaka Rusimbi na dumu lililojaa, na wale kina mama wa pale njia panda ambao hawana kazi isipokuwa kutazama madumu ya watu.

Lakini Noel hakunyanyuka. Akauliza, safari hii kwa sauti ndogo, "Mzee, ulifika kisiwa gani?"

"Sikufika kisiwa. Nilimwona ndege, nikazima."

"Hukumfukuza?"

"Nani?"

"Ndege. Anafukuzwa, Mzee. Kuna mahali unabonyeza, anaondoka, harudi mpaka umwite. Mafumbo yanabaki yote."

Vidole vya Mzee Leonardi vikaanza kugonga mkono wa kiti. Mtu anayeamua kumfukuza mtu nyumbani kwake hagongi kiti namna ile. Mimi nimeishi na mwanamume, nilijua anataka kuiona lakini hataki kuonekana anataka.

"Haya," akasema mwisho. "Kabla hamjaondoka, nionyeshe tu hapo pa kubonyeza."

Kompyuta ilikuwa kwenye meza ya kona, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya zamani. Wakaisogelea. Gervasi naye akasogea, maana alishasema anacheza. Mimi nikabaki na kikapu changu, halafu nikaona kubaki peke yangu ni ujinga, nikasogea pia.

Noel akabonyeza huku na huku. Yule ndege mweupe akanyoosha mabawa, akaruka, akapotea. Nisiwafiche, nilimwonea huruma. Binti akabaki na taa yake na mtumbwi wake, na mbele yake kisiwa chenye jiwe kubwa lililoandikwa toka juu mpaka chini.

Mzee Leonardi akainama kutazama maandishi. Akatoa miwani, akafuta, akavaa. Kisha bila kugeuka, kama alivyozoea siku zote, akaita, "Brigita."

Shangazi akatokea mlangoni. "Kaka, huyo haitwi mpaka wakati wa kuulizwa. Au tumeshafika huko?"

"Sijamwita kuulizwa. Nimeita macho."

Brigita akatoka jikoni na kitenge kiunoni, mikono ina unga. Akapiga goti, akatusalimia, "Shikamoo mama, shikamoo mjomba," ila yeye mwenyewe hakumtazama Noel hata kidogo, na alivyojitahidi kutomtazama nikajua mambo yao yamekwenda mbali. Akafuta mikono, wakampa kiti cha katikati, baba mkono wa kulia, Noel mkono wa kushoto.

Akaanza kusoma. "Imeandikwa, anayetaka kuvuka kwanza aangalie kivuli cha..."

"Kivuli cha mlima," akasema Noel. "Tunavuta kamba ya kushoto."

"Ya kulia," akasema mzee. "Jua liko huku."

Wakavuta. Kisiwa kikageuka, maji yakaja kwa kasi, mtumbwi ukapinduka. Binti akarudi mwanzo, taa imelowa.

"Soma tena," akasema mzee.

"Anayetaka kuvuka kwanza aangalie kivuli cha..."

"Cha mtumbwi wenyewe," akasema mzee. "Nimeshaelewa."

"Si cha mtumbwi, Mzee, ni..."

Mtumbwi ukapinduka. Gervasi akasema kwa heshima kwamba labda wangebisha hodi. Wakarudia tena, na tena Brigita akafika pale pale kwenye kivuli, na tena wale wawili wakamkatiza, huyu kulia huyu kushoto, wamesogeleana mabega juu ya kichwa chake kama wapiga debe wanaogombea abiria mmoja. Mtumbwi ukapinduka mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu.

Brigita akaweka kiganja chake chenye unga juu ya vitufe. Taratibu. Akakiacha hapo.

"Baba," akasema, "nikuulize kitu. Nani amesoma sehemu ya kwanza yote, toka chini mpaka juu?"

"Wewe."

"Na wewe Noel, uliponitumia simuni maandishi ya hii ya pili, ukaniambia nitazame kama yanamfaa baba, nani aliyeyasoma?"

"Wewe," akasema Noel.

"Leo nimekaa jikoni nasikia. Baba ana maoni. Noel ana maoni. Vijana wa ofisini wana maoni. Mjomba Gervasi ana maoni. Mimi niliyesoma kila neno la sehemu zote mbili, hakuna aliyeniuliza naonaje. Kazini hivyo hivyo. Kutwa nabeba maneno ya watu, nayatoa hapa nayapeleka pale. Nikirudi nyumbani nabeba ya ukutani. Sasa hata sentensi moja hamniachi nimalize."

Shangazi Christina alikuwa ameshakaa chini na trei yake mapajani. Nadhani alikuwa anasubiri siku hiyo miaka.

"Haya," akasema mzee. "Unaonaje?"

"Ya kwanza ni nzuri. Baba, unasema unaipenda kwa sababu binti yuko peke yake na hakuna anayemsaidia. Si kweli. Ndege wa sehemu ya kwanza nilikuwa mimi. Nilikuwa nakaa hapa hapa nilipokaa sasa. Tofauti ni kwamba wewe ulikuwa unaniita, sikujileta. Hicho ndicho ulichokipenda, na mimi pia nilikipenda."

Mzee Leonardi akavua miwani. Hakuifuta. Aliishika tu.

"Na wewe," akamgeukia Noel, "ya pili ni nzuri, lakini uliileta kwa sababu ya yule ndege. Uliona, nikiondoka baba atakuwa na wa kumwambia. Ukamletea ndege badala yangu. Baba hakuomba ndege. Baba anaogopa kubaki na maandishi yasiyosomeka, na hataki kusema hivyo, kwa hiyo anasema sehemu ya pili ni mbaya."

Mwanangu akaangalia vidole vyake vya miguu, hatimaye. Akasema, "Ni kweli. Niliona nimefanya jambo la maana."

"Ulifanya kwa haraka."

"Nilifanya kwa haraka," akakubali.

Nilimtazama mzee. Nilitegemea awake, maana binti kusema hivyo mbele ya wageni wa posa, kwetu hakuna. Badala yake akarudi kwenye kiti chake kikubwa, akakaa wima, akavaa miwani, na sauti yake ikawa ile ya kutangaza treni.

"Brigita. Unawajua wageni hawa?"

Gervasi akaruka kurudi mahali pake pa mshenga. Mimi nikajikuta nimekaa juu ya kikapu.

"Nawajua, baba."

Desturi inaishia hapo. Neno moja tu linatosha. Lakini Mzee Leonardi hakunyoosha mkono kwenye dumu. Akauliza swali ambalo sijawahi kulisikia katika posa yoyote, na nimehudhuria nyingi. Akauliza, "Na unawaonaje?"

Jamani, nilitamani kuzama. Kuonwa ni kitu kimoja. Kusemwa unavyoonekana, ukiwa umekaa juu ya kikapu, ni kitu kingine.

Brigita akafikiri. "Mjomba Gervasi ni mwongo, lakini anadanganya kwa adabu na anadanganya ili watu wapatane. Nikipata ugomvi na mtu nitamtuma yeye. Mama Noel ana wasiwasi mwingi. Mwaka ule wa uwanjani nilimwona anagawa uji, mimi simjui wala yeye hanijui, anagawa huku anawagombeza Warundi kwa Kiha kwamba watoto hawakufunikwa vichwa. Mama mmoja akaniuliza, yule anasema nini? Nikashindwa kumtafsiria. Nikasema tu, anasema karibuni."

Hapo nililia kidogo. Naandika ukweli.

"Na Noel?" akauliza mzee.

"Noel anaongea mahali pa kunyamaza. Anakwenda mbio. Lakini ukimwambia amekosea anasema nimekosea, na siku ya pili bado anakupenda. Wanaume wa hivyo nimewatafsiria wachache. Nataka kuolewa naye. Nitakaa Rusimbi, Rusimbi si Burundi, na Jumapili nitakuja hapa kusoma. Mkiwa na haraka sisomi."

"Jumapili zote?"

"Zote nitakazoweza. Ukitaka na siku nyingine, niite. Simu unayo."

Mzee Leonardi akalitazama jembe. Akatazama dumu. Akamwambia dada yake alete kata ya kunywea. Shangazi alikuwa ameshaileta, iko mapajani kwake chini ya trei, mtu wa Mungu asiyekunywa. Mzee akamimina, akaonja, akakaa nayo mdomoni kama anayesoma maandishi, akameza.

"Ndizi zake zimeiva vizuri," akasema.

Shangazi akapiga kigelegele, nami nikampokea, na Gervasi akajaribu kutoa hotuba aliyoiandaa wiki nzima lakini hakuna aliyemsikia. Majirani wakaanza kuchungulia dirishani wakidhani mlango mwingine wa kengele umefunguka. Mzee akawaambia waingie. Wakaingia. Kumbe wengi wao walikuwa wanajua Binti wa Taa tangu enzi za ghorofa ya kwanza, na kila mmoja ana lake: huyu anasema mnara ulikuwa na heshima, huyu anasema visiwa ni vizuri ila safari ni ndefu, mwingine akasema yeye hakupenda sehemu yoyote bali alipenda kuja kunywa chai. Na mzee alikuwa anauliza, mmoja mmoja, "Wewe unaonaje?" na akishauliza ananyamaza mpaka mtu amalize. Alikuwa kama mtu aliyenunuliwa kitu kipya, hawezi kukiweka chini.

Wale watatu wakarudi kwenye meza. Brigita akasoma toka juu mpaka chini, bila mtu kupumua. Kumbe ilikuwa kivuli cha taa. Ile taa anayoshika binti mwenyewe. Walipoigeuza, kivuli kikaangukia jiwe la katikati ambalo wote wawili hawakuligusa hata mara moja. Kisiwa kikasogea taratibu kama mlango wa zizi, maji yakatulia, mtumbwi ukapita. Sebule nzima ikapiga makofi. Hata mimi nilipiga, na sikujua napigia nini.

Kwa hiyo onyo langu ndilo hilo. Msiwaache vijana wenu wampelekee baba mkwe kitu kabla ya kuuliza kwanza kile alichonacho anakipendea nini. Msimchague mshenga anayekubali kila kitu. Na yule binti, kina mama, yule aliyewekwa jikoni asubiri swali la neno moja, mfuateni huko huko jikoni mapema mumuulize, kabla hamjabeba jembe. Ana maoni. Mimi nilikuwa na bahati kwamba aliyasema siku ile ile. Wengine huyasema baada ya watoto kuzaliwa.

Basi, jua lilikuwa limeshageukia upande wa Kongo, na binti wa mle kwenye kompyuta ameshaingia kisiwa cha pili, Mzee Leonardi akageuka akaniona nimesimama nyuma yao na kikapu.

"Mama Noel," akasema, "wewe tu ndiye sijakuuliza. Unaonaje?"

Watu wote wakanigeukia. Gemu lenyewe nililiona siku hiyo hiyo. Nikamtazama yule binti, taa mkononi, nguo zimelowa, peke yake juu ya maji, ndege wake amefukuzwa.

"Mimi naona," nikasema, "tangu tumeanza kumtazama huyu mtoto hajala kitu."

Mzee Leonardi akatazama kompyuta. Akatazama tena. "Hilo," akasema, "wote tumelipita." Akaifunga ile kompyuta taratibu, akaifunika kitambaa chake, akamgeukia Shangazi Christina. "Dada, migebuka imeiva?"

"Iliiva wakati mtumbwi unapinduka mara ya kwanza," akasema Shangazi. "Hakuna aliyeniuliza."